Kiambishi Awali na Mwalimu wa Sayansi

Katika kozi ya istilahi ninayoifundisha, mwanafunzi mmoja wa mwaka wa kwanza aliwahi kuniuliza swali ambalo kwa muda kidogo nililidhania kuwa utani. Alisema: "Mwalimu, tulipokuwa sekondari tulifundishwa kwamba mimea hufyonza hewa ya ukaa wakati wa mchana. Na kila msimu wa baridi twasikia kuwa watu fulani wamelala na jiko la mkaa chumbani, wakafa kwa hewa ya ukaa. Je, mtu akiweka chumbani miche kadhaa iliyopandwa katika makopo, na akaiacha taa ikiwaka usiku kucha, si atasalimika?" Wenzake walicheka. Mimi nami nilitabasamu, kisha nikatambua kwamba kijana yule alikuwa amefikiri barabara kuliko wote waliomcheka. Alikuwa amelikuta jina moja katika habari mbili, akachukulia, kama mtu yeyote mwenye akili timamu angalivyochukulia, kwamba jina moja lataja kitu kimoja. Kosa halikuwa lake. Lilikuwa letu sisi tuliompa jina hilo.

Mimi ni mtu wa isimu, si mkemia, lakini jambo lenyewe ni jepesi kueleza. Hewa inayofyonzwa na mmea ni kaboni dioksidi, ambayo kila molekuli yake ina atomi moja ya kaboni na atomi mbili za oksijeni. Hiyo ndiyo tunayoitoa kifuani tunapopumua. Katika hewa ya kawaida ni kiasi cha sehemu 4 tu katika kila sehemu 10,000, na katika pumzi itokayo kifuani hufikia kama asilimia 4. Hewa inayowaua wanaolala na jiko ni nyingine. Ni kaboni monoksidi, yenye atomi moja tu ya oksijeni, nayo hutokea pale mkaa unapoungua bila kupata oksijeni ya kutosha. Haina rangi wala harufu. Ikiingia katika damu huishika himoglobini kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni kwa zaidi ya mara 200, hata damu ikashindwa kuipeleka oksijeni inakotakiwa. Mtu huumwa kichwa, hulegea, husinzia, na asipotolewa nje mapema haamki tena. Miche ya makopo haifai kitu hapo.

Sasa tuyatazame majina yenyewe. Yote mawili yana kaboni, yote mawili yana oksidi. Kinachoyatenga ni silabi zilizotangulia: mono-, ambayo asili yake ni neno la Kigiriki lenye maana ya "moja" au "peke yake", na di-, yenye maana ya "mbili". Tulipotafsiri tukasema "hewa ya ukaa", tulichukua kaboni tukaiweka vizuri sana katika lugha yetu (maana kaboni yatokana na neno la Kilatini carbo, yaani mkaa), lakini silabi zile mbili tukaziacha njiani. Nisieleweke vibaya: kaboni dioksidi nayo yaweza kuua ikizidi mno mahali pamoja, kama ilivyotokea kando ya Ziwa Nyos nchini Kameruni mwezi wa Agosti 1986, ambapo watu wapatao 1,700 walikufa katika usiku mmoja. Lakini hayo ni maafa ya nadra. Jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa ni jambo la kila mwaka.

Maoni ninayotaka kuyatoa katika ukurasa huu ni kwamba kiambishi awali kimedharauliwa katika shule zetu, na kwamba kimedharauliwa mahali ambapo hapakustahili kabisa. Mwanafunzi wetu azungumzaye Kiswahili ni miongoni mwa watu waliojiandaa vizuri kuliko wengi duniani kukielewa kiambishi awali, kwa kuwa lugha yake yote hutembea kwa kutanguliza silabi. Hata hivyo, katika kipindi cha Kiswahili anafundishwa ngeli kana kwamba ni orodha ya kukariri kwa ajili ya mtihani, na katika kipindi cha kemia au biolojia anafundishwa istilahi kana kwamba ni majina ya watu asiowajua. Vipindi hivyo viwili havikutani kamwe. Mwalimu wa somo moja hajui kwamba mwenzake wa chumba cha pili anafundisha jambo lile lile.

Tuchukue shina -zazi. Peke yake halisimami. Likitanguliwa na m- tunapata mzazi, naye ni mtu. Likitanguliwa na ki- tunapata kizazi, ambacho ni watu wa rika moja katika ukoo, au tumbo la uzazi lenyewe. Likitanguliwa na u- tunapata uzazi, ambalo ni tendo na hali, tena ni sura nzima katika kitabu cha biolojia. Shina halikubadilika hata herufi moja. Mtoto wa miaka mitano aliyelelewa katika Kiswahili hawezi kuyachanganya maneno hayo, wala hakuna aliyemfundisha. Kadhalika -gonjwa: mgonjwa, ugonjwa, magonjwa. Na katika miti na matunda mpango wake ni wa kupendeza: mchungwa huzaa chungwa, mpera huzaa pera, mwembe huzaa embe, mnazi huzaa nazi. Asiyejua jina la mti, akilijua tunda, aghalabu aweza kulitunga jina hilo mwenyewe na asikosee.

Mfano ninaoupenda zaidi kwa mwalimu wa biolojia ni -dudu. Mdudu ni kiumbe tunayemwona kwa macho akitambaa au akiruka. Dudu, bila m-, ni kubwa na la kutisha. Kidudu ni kidogo. Na vijidudu, ambamo vi- na ji- zimesimama pamoja ili kudunisha mara mbili, ni vile viumbe visivyoonekana ila kwa hadubini. Mwaka 1878 daktari mpasuaji wa Kifaransa aitwaye Sédillot alipendekeza jina microbe kwa viumbe hao, akiliunga kutoka Kigiriki: mikro, yaani "dogo", na bios, yaani "uhai". Watu wetu walifika pale pale kwa njia yao wenyewe, na hawakuhitaji Kigiriki. Mwanafunzi anayelijua neno vijidudu tayari anaijua kazi ya mikro-. Amebakiza kuambiwa tu kwamba anaijua.

Tabia hii si ya Kiswahili peke yake, bali ni ya jamii kubwa ya lugha zilizo ndugu zake. Mtu wa Rwanda husema umuntu na wengi wao ni abantu. Wa Uganda ya kati husema omuntu na abantu. Msukuma husema munhu na banhu. Kwa Kilingala ni moto na bato. Mwanaisimu Wilhelm Bleek, aliyechapisha sarufi yake linganishi katika mwaka 1862 na 1869, ndiye aliyezipa lugha hizo jina la Bantu, na jina hilo nalo ni kiambishi cha wingi, ba-, kilichowekwa juu ya shina la mtu. Jirani zetu Waganda hupanga hivi: Muganda ni mtu mmoja, Baganda ni wengi, Luganda ni lugha, na Buganda ni ufalme wao. Waswahili waliofika huko kwa biashara waliutamka ufalme huo kwa kiambishi cha kwao, u- mahali pa bu-, wakasema Uganda. Waingereza wakaichukua sura ya Kiswahili. Leo Buganda ni ufalme na Uganda ni nchi nzima, na kinachozitenga ni konsonanti moja ya mwanzo wa neno. Sijui mfano ulio bora kuliko huo wa kumwonyesha mwanafunzi wa historia kwamba kiambishi chaweza kuwa na uzito wa mpaka.

Nguvu ya viambishi vyetu ni kubwa kiasi kwamba huyavamia hata maneno yaliyokuja na mpango mwingine kabisa. Kiarabu hujenga maneno yake juu ya konsonanti, kwa kawaida tatu. Konsonanti k, t na b zahusu kuandika, na kutoka hapo Kiswahili kimepata katibu, maktaba na kitabu. Katika kitabu, k ni ya shina lenyewe. Lakini sikio la Mswahili lilisikia ki- yake ya siku zote, na wingi ukawa vitabu, ambamo ile k ya asili imetoweka. Masjid, yaani mahali pa kusujudu, ni ma- ya mahali iliyotangulia konsonanti za kusujudu. Sisi tukapata msikiti, na wingi wake misikiti, kana kwamba ni jamaa ya mti na miti. Mambo ya kushangaza zaidi ni pale lugha mbili zilipokutana bila kupatana: Kiarabu hutumia mu- kwa mtendaji, na lugha za Kibantu hutumia mu- kwa mtu. Hakuna iliyomwiga mwenzake. Ndiyo sababu mwalimu, msafiri na mwadhini waliingia Kiswahilini wakakuta viti vimekwisha pangwa, wakaketi, na wingi wao ukawa walimu, wasafiri na waadhini bila ubishi wowote.

Wala jambo hili halijamalizika. Maandishi ya barabarani yaliyowaamuru madereva wa Kiingereza kushika kushoto yalitupatia kipilefti, na vipilefti. Na katika miaka ya karibuni tumeliona jambo kama hilo katika tiba. Neno virusi limetoka katika Kilatini, nalo huko ni umoja, tena vi- yake haina maana yoyote. Waswahili walilisikia wakasema: hivi ni vingi, basi kimoja ni kirusi. Wako wanaolichekelea neno hilo, wakisema kwamba Kirusi ni lugha ya watu wa Moscow. Mimi silicheki. Herufi kubwa yatosha kuyatenga, na aliyelitunga neno lile alifuata sheria kwa uaminifu kuliko mhariri anayemsahihisha.

Si lugha zote zinazopita njia hii. Kituruki karibu chote hufanya kazi nyuma ya shina: ev ni nyumba, evler ni nyumba nyingi, na kila kinachoongezwa huongezwa mkiani. Kimalei, kwa upande mwingine, kitampendeza Mswahili. Shina ajar lahusu mafunzo. Belajar ni kujifunza, mengajar ni kufundisha, pelajar ni mwanafunzi, pengajar ni mwalimu. Kijerumani nacho hutanguliza silabi mbele ya vitenzi, na hapo mgeni huona taabu. Nilipokuwa nikisomea shahada ya uzamivu nchini Ujerumani nilijifunza kwamba kitenzi umfahren, mkazo ukiwekwa juu ya kiambishi um-, maana yake ni kumgonga mtu kwa gari na kumwangusha. Mkazo ukiwekwa juu ya fahren, maana yake ni kumzunguka na kumpita salama. Kwa muda wa miaka minne nililikwepa neno hilo katika mazungumzo.

Turudi katika sayansi, ambako viambishi karibu vyote vya kimataifa ni vya Kigiriki na Kilatini. Wafaransa walipotunga mfumo wa meta mwaka 1795 walifanya jambo la busara: kwa mafungu ya kuzidisha walichukua Kigiriki, na kwa mafungu ya kugawanya walichukua Kilatini. Kilo- ni elfu kwa Kigiriki. Mili- ni elfu kwa Kilatini. Yaani viambishi viwili vyenye maana moja kabisa vilipewa kazi mbili zilizo kinyume: kilometa ni meta elfu, na milimeta ni meta moja iliyogawanywa mara elfu. Mwanafunzi akiambiwa hadithi hii fupi hatavichanganya tena. Asipoambiwa, atakariri jedwali, na jedwali husahauliwa mara baada ya mtihani. Tena ataweza kucheka pamoja na wataalamu wa wadudu, ambao hawakufuata mpango wa Wafaransa. Jongoo kwa Kiingereza huitwa millipede, "mwenye miguu elfu", na hapo mili- imerudi kuwa elfu nzima. Kwa miaka mingi jina hilo lilikuwa la kutia chumvi tu, kwani hakuna jongoo aliyepatikana na miguu elfu, mpaka mwaka 2021 ilipotangazwa aina mpya ya jongoo kutoka Australia, na mmoja wao alihesabiwa miguu 1,306.

Mfumo huo bado unakua. Mwezi wa Novemba 2022 Mkutano Mkuu wa Vipimo na Mizani uliongeza viambishi vinne, vya juu kabisa vikiwa rona- na kweta-, cha mwisho hiki kikiwa ni 1 na sufuri 30. Hivyo mwanafunzi wa leo hatakutana navyo sana. Atakutana na mili- na mikro-, na hapo ndipo tahadhari inapotakiwa. Miligramu moja ni mikrogramu 1,000. Katika mwandiko wa haraka, alama ya mikro, ambayo ni herufi ya Kigiriki µ, hufanana na m, na dawa iliyokusudiwa kwa mikrogramu ikitolewa kwa miligramu mgonjwa amepewa mara elfu ya kipimo. Ndiyo maana wanaoshughulikia usalama wa dawa huwahimiza waganga waliandike neno mikrogramu kwa ukamilifu. Na herufi m yenyewe ikiwa ndogo ni mili-, ikiwa kubwa ni mega-; tofauti yao ni mara milioni elfu moja. Nimesahihisha karatasi ambazo ndani yake mtambo wa umeme wa mto mzima ulizalisha milwati chache, kiasi kisichotosha kuwasha taa ya tochi. Mwandishi hakushtuka, kwa sababu kwake mw na MW vilikuwa mapambo.

Hata wenye lugha zao huangushwa na viambishi. Kwa Kiingereza neno inflammable lina maana ya "kinachoshika moto upesi", kwa kuwa in- yake ni ile ya Kilatini yenye maana ya "ndani". Lakini in- nyingine ya Kilatini ni ya kukanusha, na msomaji wa kawaida aweza kudhani kwamba chombo chenye maandishi hayo hakishiki moto. Tangu miaka ya 1920 wataalamu wa kuzuia moto nchini Marekani walihimiza kwamba in- hiyo iondolewe, na leo magari ya mafuta huandikwa flammable. Silabi iliondolewa ili watu wasiungue.

Kwa hiyo simlaumu mtafsiri wa Kiswahili kwa kuondoa silabi. Mara nyingine kuondoa ndiko kunakookoa. Ninalolidai ni kwamba tofauti iliyokuwa imebebwa na kiambishi ibebwe na kitu kingine, isidondoke. Na katika hili wananchi wa kawaida mara nyingi wametushinda sisi wenye shahada. Haipa- na haipo-, kama zinavyotamkwa kwa Kiingereza, ni viambishi vya Kigiriki, "juu ya kiasi" na "chini ya kiasi". Kwa sikio letu vinakaribiana mno, na cha pili ni balaa zaidi kwani kwa Kiswahili "haipo" ni jibu la mwenye duka. Hebu tufikiri juu ya mama aliyeambiwa na muuguzi kwamba ana haipatensheni au haipotensheni, akatakiwa akumbuke hata afike nyumbani. Watu hawakungoja kamati. Walisema presha ya kupanda na presha ya kushuka. Hakuna Mgiriki aliyewahi kusema wazi zaidi. Kiambishi kimegeuzwa kitenzi, na tofauti imefika ng'ambo salama, bila hata kulowa.

"Hewa ya ukaa" haikufika hivyo. Tena siyo tafsiri pekee inayoficha. Tahajia nayo huficha. Wako wanaoandika dioksidi na wako wanaoandika dayoksaidi, wakifuata matamshi ya Kiingereza. Mimi nasimama na dioksidi. Katika dioksidi mwanafunzi anaiona di- na anaiona oksidi, na akikutana na monoksidi au trioksidi anajua mara moja kilichobadilika na kilichobaki. Katika dayoksaidi haoni kitu. Ni sauti tu. Kadhalika nasimama na mikro-, mili- na kilo- zilizoandikwa kama zilivyo, bila kuzipitisha kwanza mdomoni mwa Mwingereza. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilipochapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990 iliweka msingi katika kazi hii. Yafaa msingi huo ujengewe, nasi tunaoandika vitabu na makala tukubaliane juu ya viambishi kabla ya kubishana juu ya maneno, maana kiambishi kimoja kikitulia hutuliza maneno mia.

Najua majibu nitakayopewa. La kwanza ni kwamba katika sekondari nyingi sayansi hufundishwa kwa Kiingereza, kwa hiyo habari za mzazi na kizazi hazihusiki. Hilo nalikataa. Lugha ya kufundishia ikiwa ya kigeni, ndipo inapofaa zaidi kumwonyesha mwanafunzi kwamba mtambo uliomo ndani ya neno la kigeni anao tayari nyumbani kwake. La pili ni zito zaidi: viambishi vyetu havina uaminifu huo ninaouvisha. Ki- ni ya udogo katika kitoto, ni ya lugha katika Kiswahili, ni ya namna katika kifalme, na kiboko na kifaru, wanyama wakubwa kuliko karibu wote mwituni, wameanza na ki- bila aibu. Ni kweli. Na kuna tofauti nyingine ya msingi ambayo mwalimu hapaswi kuificha: kiambishi cha Kigiriki hukaa ndani ya neno lake na kutulia, lakini chetu hutoka na kuiamrisha sentensi nzima, kitabu kizuri kimoja kimepotea, vitabu vizuri viwili vimepotea. Tena sheria ya vipimo hairuhusu kurundika. Hatusemi mikrokilogramu bali miligramu. Sisi twarundika tunavyotaka, kama tulivyoona katika vijidudu, na mwanamikrobiolojia amebeba mzigo wa bara mbili katika neno moja. Lakini tofauti hizi si sababu ya kunyamaza. Ndizo zinazolifanya somo liwe somo.

Mwalimu wa kemia hahitaji ruhusa ya mtu wala kitabu kipya. Dakika kumi za mwanzo wa kipindi zatosha. Aandike ubaoni -zazi, awaulize wanafunzi kuna nini hapo. Watasema hakuna kitu. Aongeze m-, kisha aifute aweke ki-, kisha u-, awaache waseme wenyewe kilichotokea. Halafu chini yake aandike -oksidi, na mbele yake mono-, di-, tri-, na pembeni fomyula CO, CO₂, SO₃. Nimejaribu hivyo na vijana ambao hawakuwa wamegusa kemia kwa miaka miwili, na kabla sijamaliza kuandika walikuwa wakihesabu atomi kwa sauti. Mwalimu wa Kiswahili naye, akifika kwenye ngeli ya KI-VI, asiishie kwenye kiti na viti. Amlete kirusi na virusi, awaache wabishane.

Na wale wanaotoa matangazo redioni katika miezi ya Juni na Julai, baridi inapokaza Njombe, Makete na Mbeya na watu wanapoingiza majiko ndani, wasiseme tena "hewa ya ukaa" kwa zote mbili. Waseme kaboni monoksidi. Na wakiliona jina hilo kuwa gumu kwa msikilizaji, waseme "sumu ya jiko", wamwambie kwamba haina harufu na haionekani. Jina hilo la pili si langu. Lilipendekezwa na yule yule mwanafunzi wa miche ya makopo, wiki moja baada ya swali lake.